RAM ndiyo ichague mfumo, siyo mazoea

Hotuba hii, ya kuchagua mfumo endeshi (programu mama ya kompyuta, kama Windows au Linux ya bure) ili kufufua mashine kuukuu za shule, niliitoa Iringa mbele ya walimu wa kompyuta wa sekondari na vijana mafundi. Wengi waliomba iwekwe kwa maandishi wawe wanairejea, basi hii hapa, nimeiacha karibu kama ilivyotoka mdomoni.

Walimu wangu, shikamooni. Vijana mafundi, habari za asubuhi. Mashine zipo hapo nyuma zinasubiri, kwa hiyo tutaongea kwanza halafu mikono ifanye kazi, ila kuna mambo lazima tuelewane kabla mtu hajachomeka flashi, maana nikiwaacha muanze hivi hivi najua kitakachotokea, mtu atatoa flashi yake yenye Windows 10 aliyoikopi kwa rafiki, atapiga kwenye mashine yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1, itachukua asubuhi nzima, ikiwaka ni kile kiduara tu kinazunguka, na jioni mashine inarudi stoo na karatasi yake ile ile imebandikwa juu, MBOVU.

Nimepita nikaziangalia. Nyingi ni desktopu za Core 2 Duo, zipo Pentium 4 chache, na zile laptopu ndogo za Atom. RAM ni MB 512, GB 1, zilizobahatika zina GB 2. Nawaambia kwa moyo wangu wote, nyingi kati ya hizi siyo mbovu. Prosesa nzima, mazabodi nzima, kioo kinawaka. Kilichozishinda ni mfumo uliowekwa ndani yake, mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya mashine nyingine kabisa. Halafu kuna mtoto wa kidato cha pili anafundishwa kompyuta kwa chaki, anachorewa kibodi ubaoni, wakati stoo hapo jirani kuna mashine zinazoweza kuandika, kupiga hesabu na kuprogramu. Hilo linaniuma, na nadhani na nyie linawauma ndo maana mmekuja Jumamosi.

Kelele imeongezeka zaidi kwa sababu ya Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, UEFI (programu ya kuwashia mashine iliyochukua nafasi ya baiosi) yenye Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na kile kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa za Intel inazozikubali kwa sehemu kubwa zinaanzia kizazi cha 8, yaani mashine zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2017. Kwa hiyo hata i5 ya 2015 yenye nguvu zake inaambiwa haifai, sembuse Core 2 Duo ambazo zilianza kutoka 2006. Shule zikisikia hivyo zinadhani hakuna njia ila kununua mpya, na hela ya kununua mpya hakuna, basi chumba cha kompyuta kinafungwa kufuli.

Wapo wanaosema si turudi tu XP au Windows 7, zilikuwa nyepesi. Ni kweli XP ilipotoka 2001 iliomba MB 64 za RAM, leo picha moja ya simu ikifunguka inaweza kula kiasi hicho. Lakini XP waliacha kuihudumia 8 Aprili 2014 na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, kwa hiyo mashimo ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi, na brauza mpya hazikubali kukaa humo. Kama mashine haitagusa intaneti milele na hakuna flashi ya mtu itakayochomekwa, sawa, lakini shule gani hiyo ambayo walimu hawabadilishani flashi?

Na hizi Windows zilizopunguzwa ambazo zinazunguka, za kudaunlodi kwenye magroup, mtu asiyejulikana amefungua mfumo akatoa vitu anavyovijua yeye na inawezekana ameingiza vitu anavyovijua yeye, halafu nyie mnaingiza humo majina na namba za watahiniwa, matokeo ya wanafunzi, nywila ya barua pepe ya shule. Hapana walimu wangu. Kwenye hili sina maneno ya kupoza, msifanye.

Sasa tuje kwenye RAM yenyewe, kwa sababu hapa ndo pana kila kitu.

RAM ndo sehemu ambayo prosesa inafanyia kazi. Kila programu iliyo wazi inataka nafasi humo. Nafasi ikijaa mfumo hausimami, unaanza kuhamisha vitu kwenda kwenye diski, sehemu inayoitwa swapu, na kuvirudisha vikihitajika. Shida ni kwamba RAM inajibu kwa nanosekunde na diski za zamani zinajibu kwa milisekunde, tofauti yake ni kama mara laki moja. Ni mama lishe ambaye meza yake imejaa, kila akitaka kitunguu kimoja inabidi aende sokoni, anakata, anarudi tena sokoni kufuata nyanya, wateja wamekaa. Ile taa ndogo ya diski mkiiona inawaka bila kupumzika na mausi inaruka ruka, siyo virusi, siyo prosesa imezeeka, ni RAM imejaa na mashine iko safarini sokoni. Wengi wanaita fundi, fundi anapiga Windows upya, inakuwa nzuri wiki moja, inarudi pale pale, kwa sababu tatizo halikuguswa.

Kwa hiyo swali la kwanza siyo unataka mfumo gani. Swali la kwanza ni mashine ina RAM kiasi gani, na la pili prosesa yake ni ya biti 32 au 64, yaani inashika data kubwa kiasi gani kwa mara moja. Hayo mawili yakijibiwa, mfumo unajichagua wenyewe.

Kwenye biti hapa watu wanakosea sana. Mtu anafungua Windows 7 anaona imeandikwa 32, anaamini mashine ni ya 32. Hapana, hiyo ni Windows iliyowekwa, siyo prosesa. Core 2 Duo zote ni za 64. Core Duo bila ile 2, za 2006, ni 32. Pentium 4 za mwanzo ni 32, za mwishoni nyingi zinakubali 64. Atom N270 iliyojaa kwenye zile laptopu ndogo za 2008 na 2009 ni 32, ila N450 ya 2010 tayari ni 64. Msibahatishe, washeni mashine kwa flashi ya Linux yoyote ya 32, fungueni teminali (dirisha la kuandikia amri), andikeni lscpu, kuna mstari umeandikwa op-mode, ukiona 32-bit na 64-bit pamoja basi inakubali zote. Mkiwa hapo hapo andikeni free -m mtaona RAM ipo ngapi kwa MB.

Kwa nini biti ni muhimu hivi? Kwa sababu dunia ya 32 inafungwa. Debian, ambayo ndo mama wa mifumo mingi tutakayoitaja leo, toleo lake la 13 lilitoka 9 Agosti 2025 na halina tena diski ya kuinstolia mashine za biti 32, wanaozihitaji wanabaki na toleo la 12 au vitu vilivyojengwa juu yake. Firefox ya Linux kwa biti 32 iliishia toleo la 144, wale wanaotumia toleo la muda mrefu la 140 wamehakikishiwa masasisho angalau mpaka Septemba 2026. Google Chrome yenyewe iliachana na Linux ya 32 tangu 2016. Kwa hiyo mashine ya 64 yenye RAM ndogo, ushauri wangu ni upambane uiongezee RAM uweke mfumo wa 64, hata kama mfumo wa 64 unakula zaidi kidogo. Mashine ya 32 kweli kweli iwekeni, ifanye kazi, lakini ipangieni kazi zisizohitaji intaneti.

Kuongeza RAM kwenyewe siyo jambo kubwa. Hapo nyuma kuna mashine ambazo hazitawaka tena, toeni RAM zake. Angalieni aina tu, DDR2 haiingii kwenye sehemu ya DDR3, ule mkato wa chini umekaa mahali tofauti, ikikataa msilazimishe. Kwenye laptopu za DDR3 kuna zile zenye L, zinatumia volti 1.35 badala ya 1.5, DDR3L nyingi zinakubali kukaa kwenye laptopu ya 1.5 lakini kinyume chake inaweza isiwake. Na mjue mazabodi ina mwisho wake, hizo laptopu ndogo za N270 mwisho GB 2 hata uweke nini, na mashine nyingi zenye chipu ya Intel 945 zikiwekewa GB 4 zitaona 3 na kidogo. Kutoka GB 1 kwenda 2 mtaona maajabu. Kama kuna hela kidogo ya kununua kitu kimoja tu kipya baada ya RAM, nunueni SSD ya SATA (diski ya kisasa yenye kasi), hata ile ndogo ya GB 120, kwa sababu hata RAM ikijaa lile soko linakuwa limesogea karibu na meza.

Haya, mifumo. Mashine ya MB 256 kushuka chini, kuna Tiny Core, yote kwa ujumla ina MB 20 na kitu, inawaka. Lakini nitawaambia ukweli, ukiiwasha utafanya nini nayo? Intaneti ya leo haifunguki humo kwa maana. Ya kujifunzia teminali, sawa. Kwa darasa la watoto arobaini mimi nisingeipoteza nguvu, ningeitoa vipuri.

Kuanzia MB 512 mpaka GB 1, hapo ni antiX au Puppy Linux. Puppy ilianzishwa 2003 na Barry Kauler wa Australia, uzuri wake inajipakia yote ndani ya RAM ikishawaka, kwa hiyo hata mashine ambayo diski yake imekufa inafanya kazi kwa flashi tu, na kazi za mwanafunzi zinahifadhiwa kwenye faili moja kwenye flashi yake. Kwa mwalimu mwenye mashine bila diski hii ni mkombozi. Lakini kwa kuinstoli na kuacha ikae miaka, mimi nachagua antiX. Imejengwa juu ya Debian, inawaka ikitumia RAM chini ya MB 250 hivi, ina toleo la 32 na la 64, na haikuachi jangwani, maghala ya programu ya Debian yapo wazi kwako. Mwonekano wake ni wa kizamani kidogo, menyu siyo ya kupendeza, watoto wataizoea ndani ya kipindi kimoja, watu wazima ndo tunasumbua.

GB 2, hapo mnapumua. Debian yenyewe na LXDE (mazingira mepesi ya menyu na madirisha), au Lubuntu, au Linux Mint ya Xfce (mazingira mengine mepesi) ambayo wenyewe wameandika GB 2 kama kiwango cha chini. Mimi kwa GB 2 naweka Debian na LXDE, inawaka na MB 300 na kitu mpaka 400, inabaki nafasi ya kazi. Na hapa kuna mtego ambao umewaangusha mafundi wengi wazuri nataka niuseme taratibu. Ukifika ile hatua ya kuinstoli Debian inapokuuliza unataka programu zipi, kuna viboksi, na cha kwanza kimeshawekwa alama, mazingira ya kawaida ya Debian ambayo ni GNOME. Ukibonyeza endelea bila kusoma, umeweka GNOME, na GNOME peke yake kabla hujafungua chochote inaweza kula GB 1. Mtu anamaliza, mashine inakuwa nzito vile vile, anasema Linux nayo ni uongo. Ondoeni alama kwenye hicho cha kwanza na kwenye GNOME, wekeni alama kwenye LXDE. Bonyezeni spesi kuweka na kuondoa alama, enta ni kuendelea, msivichanganye.

Mwalimu mmoja hapa mbele ameuliza swali zuri sana, anasema mfumo ukiwa mwepesi hivyo mbona bado akifungua YouTube inakwama. Mwalimu, ni kwa sababu brauza siku hizi ni nzito kuliko mfumo wenyewe. Mfumo umekula MB 200, ukurasa mmoja wa video unakula zaidi ya hapo mara mbili au tatu, na ukifungua tabu nne mashine ya GB 1 imeisha. Hakuna mfumo duniani utakaofanya ukurasa wa mtandao uwe mdogo. Kwa hiyo lazima tuamue chumba hiki ni cha kazi gani. Kuandika barua, LibreOffice inakaa vizuri kwenye GB 2, na kwenye GB 1 au chini ya hapo kuna AbiWord ya kuandikia na Gnumeric ya majedwali, nyepesi sana. Kujifunza kuchapa bila kuangalia kibodi kuna Klavaro. Kuprogramu kwa Python unahitaji Geany na teminali tu, hata MB 512 zinatosha, na mtoto anayeandika Python kwenye Pentium anajifunza Python ile ile ya mwenye mashine mpya. Kusoma, kuna Kiwix, ambayo unaishusha Wikipedia mara moja mnaisoma bila bando, ya Kiswahili yote inaenea kwenye flashi. Video waonyesheni kwenye mashine moja yenye nguvu na projekta. Mkipanga hivyo hakuna atakayelalamika.

Na kuna hofu nyingine naisikia kila ninapoenda, kwamba watoto watakutana na Word ofisini na sisi tumewafundisha kitu kingine. LibreOffice inafungua na kuhifadhi docx, aya ni aya, jedwali ni jedwali, mtoto aliyeelewa kupanga waraka haulizi menyu iko wapi zaidi ya siku moja. Na sisi Watanzania kwenye hili tusijione wageni, mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi ikiwa kwa Kiswahili, menyu zote, na OpenOffice ile ndo LibreOffice ilitokea humo. Kazi ile ilifanywa na watu wetu walioamini kwamba mwanafunzi anastahili kompyuta inayoongea naye. Naomba mlikumbuke hili mkiwa mnaambiwa kwamba haya mambo ni ya Wazungu.

Sasa kuinstoli kwenyewe. Kwanza bakap, hata kama mmeambiwa humo ndani hamna kitu, angalieni, kuna matokeo ya miaka ya nyuma yapo kwenye hizo diski na mwalimu aliyeyaweka ameshahama. Kudaunlodi, faili ni kubwa na bando linakatika, tumieni torenti au kwenye teminali wget -c ambayo inaendelea pale ilipokatikia. Ikimaliza pimeni ile sha256 (namba ya kuhakiki kwamba faili ni zima), linganisheni na iliyoandikwa kwenye ukurasa wao, dakika mbili tu. Faili iliyoharibika kidogo inaweza kuinstoli mpaka katikati halafu ikafa na mtaisingizia mashine bure.

Kuandika kwenye flashi tumieni Rufus, kwa mashine hizi chagueni MBR, siyo GPT (hizi ni njia mbili za kupanga diski), kwa sababu baiosi za zamani haziijui UEFI. Au Ventoy, flashi moja unaweka antiX, Debian, Puppy na Clonezilla zote, ukiwasha unachagua. Kitufe cha kuchagua kubuti kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni F9 au Esc. Zipo Pentium 4 ambazo haziwezi kubuti kwa flashi kabisa, hizo chomeni CD. Na tafadhali angalieni saa ya mashine kabla ya yote, ile betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi ikiisha mashine inaamini ni 2005, na mkiingia mtandaoni kila tovuti inakataa kwa kusema cheti si halali, watu wanabadilisha brauza, wanapiga mfumo upya, kumbe ni betri ya bei ya soda.

Ikiwaka kwa flashi msiinstoli kwanza. Chezeni nayo, sauti ipo? waifai ipo? kioo kimejaa? Waifai za Broadcom ndo zinasumbua kuliko zote, ingawa tangu Debian 12 ya Juni 2023 vile vipande vya draiva vilivyokuwa vinatafutwa pembeni vingi viko ndani ya diski rasmi. Ikikataa, chukueni simu ya Android, chomekeni kwa waya wa USB, washeni kushea intaneti kwa USB, Linux inaiona simu kama kebo ya mtandao bila draiva yoyote, mnamalizia shida yenu. Laptopu za Pentium M za mwanzo zitawaambia hazina PAE (uwezo wa prosesa ya biti 32 kufikia RAM nyingi zaidi) na kugoma, wakati nyingine PAE ipo ila imefichwa, kwenye mstari wa kubuti ongezeni neno forcepae. Laptopu ikae na betri yake na chaja vyote viwili, na desktopu kama hakuna UPS basi subirini saa ambazo umeme wa mtaa wenu hautaniani, kukatika katikati ya kugawa diski ni kuanza upya.

Kwenye kugawa diski acheni swapu iwepo, GB 2 inatosha. Na mkimaliza, kitu cha kwanza kwenye Debian, apt install zram-tools. Zram inabana vitu ndani ya RAM yenyewe kabla havijapelekwa kwenye diski, kwa kawaida vinabanika mara mbili mpaka tatu. Fungueni faili la /etc/default/zramswap, PERCENT wekeni 50, washeni upya. Kwenye mashine ya GB 1 hii peke yake inabadilisha siku.

Kisha msirudie kazi hii kwenye kila mashine, jamani. Tengenezeni moja, iwe nzuri, programu zote zimo, Kiwix imo, lugha imepangwa, akaunti ya mwanafunzi imetengwa na ya mwalimu. Halafu Clonezilla, inachukua picha ya diski nzima mnaimwaga kwenye nyingine zenye diski ya ukubwa ule ule au zaidi. Baada ya kumwaga badilisheni jina la kila mashine na machine-id yake (namba yake ya utambulisho) zisije zikagongana kwenye mtandao. Na masasisho, wekeni apt-cacher-ng kwenye mashine moja, zingine zielekezwe kwake kwenye poti 3142, kila programu inashuka kwa bando mara moja tu na zingine zote zinakopi kwa kebo. Shule yenye bando la kuunga unga bila hii haifiki mwaka.

Niseme na zile za kuacha. Siyo kila mashine iokolewe. Pentium 4 za kizazi cha Prescott prosesa peke yake imepangiwa kati ya wati 84 na 115, Core 2 Duo nyingi za desktopu ni 65, na ile Atom N270 ni 2.5. Shule inayolipa luku kwa michango, kuwasha Pentium 4 kumi na tano kwa ajili ya kuchapa barua si haki kwa wazazi. Shule ya sola ikipata zile laptopu ndogo za Atom izishike kwa mikono miwili. Mazabodi yenye kapasita zilizovimba au zilizovuja, acheni. Toeni RAM, diski, pawa saplai nzuri, kebo, ile betri. Lakini zinazobaki msichome moto nyuma ya darasa wala msifukie, vioo vya monita zile za mgongo vina madini ya risasi, na taa za nyuma za vioo bapa vya zamani vina zebaki, watoto wanacheza hapo hapo na visima viko hapo hapo. Zitunzeni mahali pakavu mpaka apatikane mchukuaji wa taka za elektroniki anayejua anachofanya.

Na mwisho kabla hatujainuka, kila mashine itakayotoka hapa leo ibandikwe karatasi mpya, iandikwe RAM ngapi, biti ngapi, mfumo gani na toleo lake, tarehe, na imewekewa zram au haijawekewa, ili fundi atakayekuja baada yenu asianze kupapasa. Na mwalimu achague wanafunzi wawili au watatu wafundishwe kuinstoli wao wenyewe, wakike na wakiume, maana walimu mnahamishwa.

Haya, flashi ziko kwenye boksi la bluu, zile za antiX zina uzi mwekundu na za Debian zina uzi mweupe. Kaeni wawili wawili, mwalimu na fundi. Mashine za safu ya kwanza kushoto bado hazijapimwa RAM, anzieni hapo kwa free -m, na mwenye mashine inayogoma kubuti aninyooshee mkono.